Jeli za kokteli kwa sherehe ya kiangazi: mmeuliza, najibu

Joto likishaanza, watu huacha kuniuliza habari za keki na kuanza kuuliza habari za jeli zenye kileo, zile ndogo za kumeza mara moja au mbili. Safari hii wengi wanataka jeli yenye ladha ya kokteli halisi, na hilo limenifurahisha. Jeli nyingi za sherehe ni sukari na rangi tu, na mgeni anastahili zaidi ya hapo.

Mara jeli yangu inakuwa mpira, mara inakuwa uji. Kipimo chake hasa ni kipi?

Kwa nusu lita ya mchanganyiko mzima, pombe ikiwa ndani ya hesabu, tia gramu 14 za jelatini ya unga. Pakiti nyingi ni za gramu 7, kwa hiyo ni pakiti mbili. Ukitia moja utapata jeli laini ya kula kwa kijiko, ambayo itavunjika ukijaribu kuitoa kwenye kikombe. Kama unataka jeli ya kusimama peke yake kwenye sahani, ongeza nusu pakiti nyingine.

Gawanya nusu lita hiyo mara mbili: mililita 250 za juisi, maji na shira, na mililita 250 za pombe. Chukua sehemu ya kinywaji kisicho na pombe, kikiwa baridi, nyunyiza jelatini juu yake taratibu, kisha uiache dakika 5 inywe maji na kuvimba. Ukiimwaga yote mahali pamoja, unga wa juu utalowa na wa ndani utabaki mkavu, na hayo ndiyo mabonge mnayoyalalamikia. Pasha moto sehemu iliyobaki mpaka itoe mvuke, bila kuchemka, kisha mimina juu ya jelatini na ukoroge. Chovya kijiko, paka tone kati ya vidole viwili na usugue. Ukihisi punje, endelea kukoroga.

Pombe huingia mwisho, mchanganyiko ukiwa vuguvugu na sufuria ikiwa mbali na moto. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78, chini ya maji, na mvuke wake hushika moto. Usimimine kamwe pombe kali kwenye sufuria iliyo juu ya jiko linalowaka.

Kwa kipimo hiki, pombe ya asilimia 40 hutoa jeli ya asilimia 20. Mtu anaweza kupanda zaidi, lakini kadiri kileo kinavyozidi ndivyo jelatini inavyoshindwa kushikana, na ladha ya kokteli hufunikwa na ukali. Mimi sivuki hapo, na sishauri mtu avuke.

Nataka jeli ya Margarita yenye ladha ya Margarita, si ya peremende ya kijani.

Basi sahau jeli ya pakiti yenye rangi na ladha tayari. Tumia jelatini isiyo na ladha na ndimu zilizokamuliwa siku hiyo hiyo. Kwa nusu lita: maji mililita 130, shira 40, maji ya ndimu 80, tekila 170 na pombe tamu ya machungwa 80, ile yenye asilimia 40. Loweka jelatini katika nusu ya maji, pasha nusu nyingine pamoja na shira, unganisha. Maji ya ndimu usiyapashe moto hata kidogo. Yatie pamoja na tekila, la sivyo harufu yake itapotea na utabaki na uchachu mtupu.

Onja kabla ya kugandisha. Baridi hupunguza utamu ulimini, kwa hiyo mchanganyiko ukiwa vuguvugu unapaswa kuwa mtamu kidogo kuliko unavyopenda. Chumvi nyunyiza dakika ya mwisho, wakati trei inatoka, kwa sababu chumvi huvuta maji na jeli itaanza kutokwa na jasho.

Ukiwa na subira, gandisha ndani ya maganda ya ndimu. Kata ndimu nusu kwa urefu, kwangua nyama yote, jaza hadi ukingoni, na zikiganda zikate vipande kwa kisu kikali kilichochovywa maji ya moto. Kazi ni nyingi, lakini hakuna trei inayopendeza kuliko hiyo, na harufu ya ganda humfikia mgeni kabla hajaonja.

Nilitengeneza ya nanasi nikaiacha usiku kucha kwenye friji. Asubuhi bado maji. Jelatini ilikuwa mbovu?

Jelatini haikuwa na kosa. Nanasi bichi lina vimeng'enya vinavyokata protini, na jelatini ni protini tupu. Hata ungeongeza pakiti kumi, zingekatwa zote. Papai, kiwi, tini na tangawizi mbichi hufanya hivyo hivyo. Dawa yake ni moto: chemsha juisi ya nanasi dakika chache, iache ipoe, ndipo uitumie. Nanasi la kopo halina shida kwa kuwa limeshapikwa kiwandani.

Kwa Piña Colada, ambayo tangu 1978 ni kinywaji cha taifa cha Puerto Rico, chukua mililita 150 za juisi ya nanasi iliyochemshwa au ya kopo, 100 za tui zito la nazi na 250 za ramu nyeupe. Tui lina mafuta, na mafuta hupanda juu. Ukimimina mchanganyiko ukiwa mwepesi bado, utapata utando mweupe juu na maji ya manjano chini. Weka bakuli juu ya barafu, koroga polepole mpaka uone umeanza kuwa mzito, kisha mimina kwenye vikombe. Wapo wanaopenda matabaka, na hayo nayo ni mazuri: gandisha nanasi kwanza, na likifika pale ambapo kidole kinanata bila kuzama, mimina tabaka la nazi lililokwisha kupoa. Ukingoja tabaka la chini likauke kabisa, la juu litateleza na kuachana nalo.

Mojito, ile kokteli ya ramu, ndimu, mnanaa na soda, bila povu si Mojito. Je, soda inaweza kubaki na gesi ndani ya jeli?

Kiasi. Jelatini hunasa viputo vichache, vingine hutoroka. Tumia soda iliyo baridi sana, imimine mwisho kabisa kwa kuiteremsha kandokando ya bakuli, koroga mara mbili tu, na ujaze vikombe haraka kwa sababu baridi itaanza kuigandisha jeli mkononi mwako. Majani ya mnanaa yaloweke kwenye shira ya moto dakika 10, uyachuje. Ukiyaacha ndani yatakuwa meusi.

Kama sherehe yako ni ya usiku, fikiria jin, pombe kali, na toniki, soda chungu. Kwinini, kitu kinachoipa toniki uchungu wake, hung'aa rangi ya buluu chini ya taa ya urujuanimno, hata ikiwa ndani ya jeli. Huna haja ya rangi yoyote.

Baadhi ya wageni wangu hawali kitu kilichotoka kwa mnyama. Nifanyeje?

Tumia agari, inayotokana na mwani. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa, ya ng'ombe, nguruwe au samaki, na ni vizuri kusoma pakiti hata kama hakuna aliyekuuliza.

Agari ina tabia zake. Gramu 4 hadi 5 za unga zinatosha nusu lita, lakini lazima zichemke kweli, dakika 2 hivi huku ukikoroga, katika zile mililita 250 zisizo na pombe. Epua, kisha tia pombe ambayo haijatoka kwenye friji. Agari huganda kwenye nyuzi kati ya 32 na 40, yaani hata mezani, na pombe baridi itaifanya ishikane vipande vipande kabla hujamimina. Maji ya ndimu pia yaingie baada ya kuepua, kwani ukali wake huidhoofisha agari ikichemka nao. Jeli yake hukatika kwa meno badala ya kuyeyuka mdomoni. Wengine hawaipendi, mimi naiona inafaa sana kwa vipande vya kukata kwa kisu.

Sherehe ni nje, mchana, jua kali. Zitafika mezani?

Za agari zitafika na kukaa, kwa sababu haiyeyuki mpaka nyuzi kama 85. Za jelatini huyeyuka karibu na joto la mwili, na kwenye jua la kiangazi hulegea mapema zaidi. Toa trei ndogo ndogo, kila moja juu ya kitanda cha barafu na kivulini, na nyingine zikae kwenye friji mpaka za kwanza ziishe.

Nihesabu ngapi kwa kila mgeni?

Swali hili ndilo ninalotaka kila mwenye sherehe aniulize. Mwaka 1862 Jerry Thomas, mhudumu wa baa mashuhuri wa Marekani, alichapisha maelezo ya kutengeneza jeli ya panchi, yaani pombe iliyochanganywa na juisi na sukari, na papo hapo akaonya kwamba jelatini huficha ukali wa kinywaji kiasi kwamba watu hula nyingi mno na kushindwa kucheza dansi baada ya chakula. Jeli haijabadilika tangu hapo. Ni baridi, ni tamu, inateleza, na kileo hakipandi mara moja. Mtu huongeza ya nne kabla ya kuhisi ya kwanza.

Fanya hesabu hii. Nusu lita hujaza vikombe 16 hivi vya mililita 30. Kila kimoja kina karibu mililita 15 za pombe kali. Vitatu ni mililita 45, ambazo kwa kipimo cha Marekani ni kinywaji kimoja kamili. Mimi huandaa vitatu kwa mtu mzima mmoja kwa jioni nzima, pamoja na chakula cha kushiba, na huandika kwenye kadi kando ya trei: jeli tatu ni sawa na glasi moja ya kokteli. Mgeni anayejua anachokula hujipima mwenyewe. Atakayeendesha gari asile hata moja.

Na watoto. Kwao hizi ni peremende, hawana njia ya kujua tofauti. Kama watakuwepo, jeli zenye kileo zikae kwenye friji ambayo hawaifikii na zitolewe mkononi mwa mtu mzima, zisiachwe mezani. Jeli zisizo na kileo zitengeneze kwa umbo tofauti kabisa, si rangi tofauti tu, maana usiku rangi hudanganya. Na hizo zisizo na kileo zipe juhudi ile ile: ndimu, mnanaa, tui. Wasiokunywa nao wamealikwa.

Nitengeneze siku ngapi kabla?

Jana yake ndio wakati bora. Jeli zenye pombe zinahitaji saa 4 kuganda sawasawa, na usiku mzima huzipa uimara. Zifunike, kwa sababu jeli hunyonya harufu ya kila kitu kilichomo kwenye friji. Zenye tui ziliwe ndani ya siku 2, nyingine hukaa siku 3 au 4 bila shida. Usizigandishe kwenye friza ukidhani unaharakisha: barafu hupasua mtandao wa jelatini, na zikiyeyuka zitaachia maji. Za kwenye kalibu zichovye chini kwenye maji ya moto kwa sekunde chache, uzipindue, na uzirudishe kwenye baridi dakika 10 kabla ya kuzipeleka kwa wageni.