Bi Somo anajibu: maji ya majani na ukali wa kichupa

Bi Somo, kwetu hakuna hodhi, tuna ndoo na kopo. Maji ya kuoga ya majani yenye harufu yatafaa? (Jang'ombe)

Bibi yako alikuwa na hodhi gani? Kata mchaichai konzi moja, uponde kidogo, uchemshe kwenye sufuria ya lita mbili. Funika. Harufu ikijaa jikoni, ujue ndiyo hiyo uliyoitaka mwilini, inakupotea. Epua kwanza, ndipo utie mrehani na asumini. Hivi havichemshwi, harufu yake huruka. Ngoja dakika 15, chuja kwa kitambaa, changanya na maji ya ndoo. Chuja, nasema. Mimi nimeshachokoa majani kwenye tundu la maji chooni kwa binti yangu, kwa vidole hivi hivi.

Nitie matone mangapi ya mafuta ya karafuu kwenye ndoo? (Wete)

Hata moja. Mara ngapi nilijibu hili? Mafuta hayachanganyiki na maji. Haya ya karafuu huzama, yanakungoja chini, yakikugusa ni makali vile vile yalivyotoka chupani. Kinachotia ganzi jino kitakuchoma pahala usipoweza kumuonyesha mtu. Nyinyi wa Pemba kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kipo hapo Wawi, mnajua rundo gani la makonyo huingia kutoa kichupa kimoja. Ukiitaka karafuu, tia punje kumi kavu kwenye sufuria, basi. Na kichupa kiweke juu kabatini: mtoto akikinywa hata kidogo, ni hospitali mbio. Msiniambie "ni kitu cha asili". Upupu nao ni wa asili.

Singo naweza kuitia kwenye maji ya kuoga? (Mkoani)

Singo husuguliwa mwilini. Si supu.

Mke wangu ana mimba ya miezi mitatu, amechoka. Nimfukize kwa maji ya moto sana? (Mwanakwerekwe)

Usimfukize, mwanangu, wala asikae kwenye maji ya moto. Ya uvuguvugu yanamtosha, na majani yoyote amuulize mkunga kliniki kwanza. Uchovu wake utapungua zaidi ukiichota hiyo ndoo wewe.

Maji ya majani yanatibu homa? (Mtoni)

Hayatibu. Kapime malaria.

Langilangi ya kuogea nzuri, ya kwenye pakiti, inauzwa duka gani? (Chake Chake)

Pakiti! Piga hodi kwa jirani mwenye mlangilangi, asubuhi na mapema, uchague maua yaliyokwisha kugeuka manjano. Matatu yanatosha ndoo nzima.