Magitaa manne yanatosha: namna ya kupanga matabaka ya gitaa kwenye wimbo wa roki

Demo nyingi za roki zinazorekodiwa nyumbani zina ugonjwa mmoja: traki nane za gitaa (traki ni rekodi moja ya ala moja), distosheni (mkwaruzo wa makusudi wa ampu) imepandishwa mpaka mwisho, na bado wimbo unasikika mdogo kuliko wa bendi yenye magitaa mawili. AC/DC walijijengea jina kwa magitaa mawili tu. Malcolm Young na Gretsch yake, Angus Young na Gibson SG, na ampu za Marshall zenye geini (nguvu inayozaa distosheni) ndogo kuliko watu wanavyodhani. Gitaa tofauti, mkono tofauti, na mara nyingi mmoja anashika kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) ya nyuzi wazi huku mwenzake akiishika kodi hiyo hiyo mahali pengine shingoni. Ukubwa wa sauti unatoka kwenye tofauti hizo. Ukizipoteza, hata uongeze traki ishirini, unaongeza uzito wa faili.

Nakala haihesabiki kama gitaa la pili

Kosa linaloongoza ni kunakili traki, ya asili ukaipeleka kushoto na nakala kulia. Masikio yakipokea kitu kile kile pande zote mbili huyaweka katikati. Ulichopata ni mono (sauti moja isiyo na kushoto wala kulia) iliyopanda desibeli 6, basi.

Wajanja wakaona waicheleweshe nakala kwa milisekunde 15 hivi, na kweli kwenye hedifoni wimbo unapanuka. Balaa huja pale kushoto na kulia vinapounganishwa kuwa kitu kimoja: simu yenye spika moja, spika ndogo ya Bluetooth, spika za baa zilizofungwa kwa mono. Nakala iliyochelewa milisekunde 15 inayafuta masafa ya 33 Hz, 100 Hz, 167 Hz, 233 Hz, na inaendelea hivyo kila baada ya 67 Hz. Sasa angalia: nota ya G kwenye freti ya tatu ya uzi mnene wa E ina 98 Hz. Ukipiga kodi ya G, mzizi wake, nota inayoipa kodi jina, umemezwa, na huko juu inabaki sauti ya mtu anayeongea ndani ya bomba. Kwa kuwa wasikilizaji wetu wengi wanasikilizia simu, hiyo si hasara ndogo.

Dawa ni kupiga tena. Sehemu ile ile, kwa mkono wako, mwanzo hadi mwisho, kisha unaipeleka traki ya kwanza asilimia 100 kushoto na ya pili asilimia 100 kulia. Piki haitagusa uzi kwa pembe ile ile mara mbili, wala kidole hakitabonyeza kwa nguvu ile ile, na hapo ndipo stirio inapozaliwa. Tofauti ya muda ikibaki chini ya milisekunde 20 hivi, sikio linasikia gitaa moja pana. Ikivuka 30 au 40, unaanza kusikia mapigo mawili. Kwenye wimbo wa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, nota ya kumi na sita (robo ya pigo) ina milisekunde 125, kwa hiyo kuchelewa milisekunde 40 ni kula karibu theluthi ya nota nzima.

Ukiwa unarekodi traki ya pili, shusha ile ya kwanza kwenye hedifoni mpaka uisikie kwa mbali, na upandishe ngoma, hasa snea. Mpigaji anayeisikia traki yake ya kwanza kwa nguvu huifuata hiyo, pamoja na makosa yake, na ikifika traki ya nne magitaa yote yamekubaliana kuwa nyuma ya ngoma. Kila traki inatakiwa ifuate ngoma moja kwa moja.

Kwa rifu (vijistari vya gitaa vinavyorudiwa) za kubana, mtu mmoja apige pande zote mbili. Metallica wanajulikana kwa hilo: wana wapiga gitaa wawili, lakini kwenye albamu zao nyingi rizimu (gitaa la kusindikiza) ni kazi ya James Hetfield, kwa sababu mkono mmoja hukubaliana na wenyewe. Kwa kodi zinazoachwa zilie, waacheni watu wawili wapige, mtapata upana zaidi. Rekodi kwa vipande vya baa nne au nane (baa ni fungu la mapigo, kwa kawaida manne), rudia kipande kilichoharibika, na usivutevute kila nota kwenye gridi ya kompyuta. Gridi inafanya traki mbili zikaribiane kuwa nakala, na umerudi ulikotoka.

Chora ramani kabla ya kuchomeka waya

Tuchukue kiitikio cha kodi nne: E mdogo, C, G, D. Jozi ya kwanza ya magitaa inapiga chini, mzizi na nota ya tano tu: E kwenye uzi mnene ulio wazi, C kwenye freti ya tatu ya uzi wa A, G kwenye freti ya tatu ya uzi mnene, D kwenye freti ya tano ya uzi wa A. Huu ndio mwili wa wimbo.

Jozi ya pili isirudie hayo. Ihamishe katikati ya shingo, kwenye nyuzi tatu: D, G na B. Kwa mpangilio huo wa nyuzi, E mdogo ni freti 9, 9, 8. C ni 10, 9, 8, yaani kidole kimoja tu kimesogea. G ni 9, 7, 8. D ni 7, 7, 7. Mkono hauruki, nota zinatembea hatua fupi fupi, na msikilizaji anasikia kitu kinachong'aa juu ya mwili bila kujua ni gitaa la pili. Jozi hii ipeleke asilimia 70 hadi 80 kila upande, na uishushe desibeli 6 hivi chini ya ile ya kwanza. Ukiisikia waziwazi kama gitaa jingine, bado iko juu.

Hayo ni magitaa manne. La tano, likihitajika, ni la mstari mmoja wa nota, karibu na katikati, na lipige pale mwimbaji anapovuta pumzi. Mpenzi wa rumba la Kongo halioni hili kuwa geni: kwenye TPOK Jazz, bendi ya Franco, magitaa ya rizimu, solo na mi-solo (lililo kati ya hayo mawili) yalikaa kila moja mahali pake shingoni na kwenye mapigo, ndiyo maana unaweza kuyafuata yote bila kuchoka. Watu wa roki wengi wanajifunza hili kwa kuchelewa, kwa sababu distosheni inawadanganya kwamba nafasi bado ipo.

Ubeti upe gitaa moja, au jozi moja yenye geini ndogo. Kiitikio kinasikika kikubwa kwa kulinganishwa na kilichokitangulia, na hakuna plagini inayoweza kukipanua kama ubeti tayari umejaza pande zote mbili. Jaribio rahisi wakati wa kumiksi: nyamazisha traki moja moja. Ile isiyoacha pengo, ifute. Usiifiche, ifute, maana iliyofichwa itarudi saa nane usiku ukiwa umechoka.

Wapo waliokwenda mbali sana upande wa pili. Smashing Pumpkins, kwenye albamu yao ya 1993 waliyoirekodi na prodyuza Butch Vig, wana nyimbo zenye makumi ya traki za gitaa. Inawezekana, ila kila traki inataka toni yake na mpigaji anayerudia rudia mpaka muda ukubali. Asiye na subira hiyo abaki na manne.

Geini: punguza mpaka usiipende

Distosheni hubana sauti. Kile kishindo cha piki ikigusa uzi kinasawazishwa na mvumo unaofuata, na kishindo ndicho kinachomwambia msikilizaji kwamba gitaa limepigwa. Traki moja yenye geini kubwa inavumilika. Nne zikikaa pamoja, mivumo inajazana, vishindo vinapotea, na mlio wa juu wa ampu unageuka mchanga. Kila ukizidisha traki mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 hivi, na kelele za ampu zinapanda pamoja nayo.

Tafuta toni unayoipenda ukipiga peke yako, kisha irudishe nyuma: kitufe kilichokuwa kwenye 7 kipeleke 4 au 5. Traki ikisikilizwa peke yake itakuwa nyembamba kidogo na haitakufurahisha. Hapo ndipo inapotakiwa kuwa. Jozi ya pili, yenye kodi za nyuzi tatu, ipunguze zaidi.

Kuna sababu ya kifizikia kwa hilo. Nota mbili zikipita ndani ya distosheni moja huzaa nota nyingine ambazo hukuzipiga, jumla na tofauti za masafa yao. Mzizi na nota ya tano huzaa nota zinazoelewana nazo, ndiyo maana roki inazipenda. Ukiongeza nota ya tatu, vizalia vyake vinagongana na kodi inakuwa tope. Brian May wa Queen aliizunguka shida hii kwa kurekodi kila nota ya hamoni kwenye traki yake. Nota moja ndani ya distosheni haina wa kugongana naye, na traki zikijumlishwa baadaye kwenye mikseri hakuna kipya kinachozaliwa. Ukitaka C, E na G zenye distosheni nzito na bado zisikike safi, rekodi traki tatu, nota moja moja. Ni kazi ndefu, lakini kwa mstari wa baa nne kabla ya solo inalipa.

Kutyuni

Tyuni kabla ya kila traki. Sio kila wimbo, kila traki. Magitaa mawili yakitofautiana senti 5 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni) kwenye A ya 110 Hz, tofauti ni theluthi moja ya Hz, haisikiki. Lakini distosheni inanyanyua harmoniki za juu (masafa yaliyo mara mbili, tatu hadi kumi ya nota yenyewe), na kwenye harmoniki ya kumi tofauti hiyo imefika kama mawimbi matatu kwa sekunde. Ndio ule mtetemo unaofanya kiitikio kionekane kulewa.

Kama sehemu nzima inapigwa kwenye freti ya 7 hadi ya 10, usiishie kwenye nyuzi zilizo wazi. Bonyeza nota za kodi yenyewe, kwa nguvu utakayotumia, uone tyuna (kifaa cha kutyuni) inasema nini. Wanaobonyeza kwa hasira hupandisha nota bila kujua, hasa wenye nyuzi laini. Ukiweza, weka seti ya nyuzi ya 11 au hata 12 badala ya 9 (unene wa uzi mwembamba zaidi, kwa sehemu za elfu za inchi) kwa ajili ya rizimu. Nyuzi nene hazipandi kirahisi na zinavumilia mkono mzito.

Toni na mahali pa maiki

Hapa watu hutumia muda mwingi kuliko inavyostahili. Maiki ya kawaida kama Shure SM57, sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika, katikati ya kifuniko cha kati na ukingo wa koni. Ukisogea kati sauti inang'aa, ukisogea ukingoni inapoa. Kwa jozi ya pili isogeze sentimita tatu upande wa ukingo, au badili gitaa, au badili pikapu (kidaka sauti kilicho chini ya nyuzi). Kimoja kinatosha. Wanaotumia ampu za kompyuta wabadili faili ya kabineti (inayoiga boksi la spika) kwanza, kwa kuwa spika ina mchango mkubwa kwenye toni kuliko vitufe vya ampu. Kabineti moja kwenye traki zote inarundika vilele vile vile mara nne.

Kwenye ikwalaiza, gitaa la kawaida linaanzia 82 Hz na besi inaanzia 41 Hz, kwa hiyo kata gitaa chini ya 80 hadi 100 Hz na uiachie besi kazi yake. Jozi ya pili unaweza kuikata hadi 180 Hz bila huruma. Punguza desibeli 2 au 3 kati ya 250 na 400 Hz wimbo ukiwa mzito, na kata juu ya 9 kHz hivi ili matoazi yapumue. Yafanye haya wimbo mzima ukilia. Gitaa lililotengenezwa likiwa peke yake huwa na chini nyingi mno, na likiungana na besi linavimba.

Kelele ya umeme ijue mapema. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na pikapu za koili moja huuokota na kuutoa kama mvumo wa 50 na 100 Hz. Kwenye traki moja utaupuuza, kwenye nne umekuwa ala. Chomoa chaja ya laptopu wakati wa kurekodi, kaa mbali na skrini, na ujizungushe kitini ukiwa umeshika gitaa mpaka mvumo ushuke. Karibu kila chumba kina pembe ambayo unashuka.

Rekodi pia sauti safi ya gitaa moja kwa moja kwenye intafesi, vilele vikiwa karibu na desibeli -12, ili ukibadili mawazo kuhusu ampu usilazimike kupiga upya.

Mwisho wa nota hupewa muda kidogo kuliko mwanzo wake, na ndipo uzembe unapoonekana. Magitaa yote yakitakiwa kukatika pamoja kabla ya kiitikio, yakate sehemu moja kwenye kompyuta, kwa mfifio wa milisekunde 5 hadi 10 ili pasilie mlio wa mkato. Kisha acha moja tu, la upande wa kushoto kwa mfano, liendelee kulia kwa nusu baa.