Mama hajawahi kupanda ndege, nimkalishe wapi? Na maswali mengine ya wasomaji

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja kuhusu hizi jeti za safari fupi, hasa ile Airbus A220 ya Air Tanzania. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko zingine mana nilipoisoma nilimkumbuka mama yangu mwenyewe.

SWALI: Shikamoo anti. Mama yangu ana miaka 68 na hajawahi kupanda ndege maisha yake yote. Ana tatizo la retina, ule utando wa ndani nyuma ya jicho, hapa Mwanza wamempa rufaa ya Dar, tumechangishana na ndugu zangu tukapata tiketi za ndege, tunapanda A220. Sasa mama anaogopa, kila usiku ananiuliza je ikizima huko juu, na jirani kamwambia ndege ikipaa masikio yanapasuka. Na goti linamsumbua pia. Nimkalishe wapi na nimwambie nini? – Binti wa mama, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mpe pole sana.

Tuanze na kiti. Ndani ya A220 daraja la kawaida, ukiangalia mbele, mkono wa kushoto kuna viti viwili na mkono wa kulia kuna vitatu, njia ni moja katikati. Nyinyi mko wawili kwahiyo kushoto ndo kwenu, hamkai na mgeni. Ila niambie kwanza goti bovu ni la mguu upi, mana mama akikaa kushoto kiti cha njiani, mguu anaoweza kuunyosha kidogo kwenye njia ni wa kulia. Kama goti linalouma ni la kushoto basi hamieni upande wa viti vitatu, yeye njiani wewe katikati, na usihofu hicho kiti cha katikati, kwenye hii ndege kimetengenezwa kipana kuliko vya pembeni yake. Omba mistari iliyo karibu na bawa, pale ndege inatikisika kidogo kuliko mkiani. Mstari wa mlango wa dharura msikae, pale wanataka mtu mwenye nguvu za kufungua mlango.

Goti lenyewe, piga simu kwa shirika siku mbili tatu kabla uwaambie unahitaji kiti cha magurudumu. Hiyo huduma hailipiwi. Na waambie wazi kabisa kwamba ngazi za ndege hawezi kuzipanda peke yake, usiseme tu "anatembea kidogo kidogo", mana wakisikia hivo watampeleka mpaka chini ya ngazi wakamwachia hapo. Niliyaona hayo mara nyingi nilipokua nahudumu ndani ya ndege, mzee wa watu anasimama chini ya ngazi na jua la saa nane na hakuna aliyeandikiwa kumbeba.

Sasa hofu. Mimi nimekaa na abiria wa mara ya kwanza zaidi ya miaka kumi na nachokwambia ni kwamba wengi hawaogopi kuruka, wanaogopa sauti wasizozijua. Kwahiyo kaa na mama jioni moja umsimulie sauti zote kwa mpangilio, ili kila moja ikija aseme aah hii ndo ile.

Mwambie hivi. Mkishakaa utasikia injini zinawashwa moja baada ya nyingine, na kwenye hii ndege zinachukua muda, alafu zina mlio wa ajabu kidogo, kama mtu anapuliza juu ya mdomo wa chupa. Ni mlio wake wa kawaida. Ikianza kutembea kwenda barabarani utasikia kitu kinazunguka kama mashine ya kusaga kwa mbali, ni mabawa yanafunguliwa vipande vyake vya nyuma ili yabebe uzito vizuri. Kisha inasimama, inanguruma, mgongo unasukumwa kwenye kiti, pua inainuka na mtauona Ziwa. Baada ya sekunde chache puuu chini ya miguu, hiyo ni matairi yanaingia tumboni na milango yake inafungwa.

Alafu inakuja ile sehemu ambayo watu wazima wanashika mkono wa jirani wasiyemjua. Dakika moja au mbili baada ya kuruka injini zinapungua sauti ghafla na tumbo linahisi kama ndege inashuka. Haishuki! Marubani wamepunguza nguvu makusudi mana ile kubwa ilikua ya kuondokea tu, ndege bado inapanda. Mimi nilikua naenda kuwaambia abiria kabla haijatokea, nawaambia sasa hivi mtasikia kama imezima na haijazima, na nakuhakikishia ukimwambia mama kabla, hiyo peke yake ni nusu ya hofu imeondoka. Mwisho wa safari, ikigusa chini Dar, itanguruma tena kwa nguvu kuliko wakati wote, hapo ni breki, injini zinasukuma upepo mbele ili ndege isimame. Safari yote ni kama saa moja na nusu.

Je ikizima kweli? Mjibu mama ukweli, usimwambie "haiwezi kuzima", akisikia mtu mwingine amesema tofauti hatakuamini tena. Mwambie ndege ya injini mbili haipewi kibali cha kubeba watu mpaka ioneshe kwamba injini moja ikizima wakati inaondoka, ile iliyobaki inaweza kuinua ndege, ikazunguka na kurudi kutua. Na marubani wanarudia zoezi hilo hilo kila mwaka kwenye mashine ya mafunzo.

Masikio hayapasuki, yanaziba. Ndani ya ndege hewa inapunguzwa mgandamizo mpaka kufanana na mlimani, kiwango cha juu kabisa ni kama mtu aliyesimama kwenye mita 2,400 hivi. Kupanda hakusumbui sana, shida ni kushuka. Mpe pipi au big'ii, ameze mate mara kwa mara, na asilale wakati wa kushuka. Kama siku hiyo ana mafua makali yaliyoziba pua mwambie daktari kabla.

Na hapa mwanangu nisikilize vizuri kuliko yote niliyosema. Umesema retina. Kwenye baadhi ya upasuaji wa retina daktari anaweka puto la gesi ndani ya jicho ili liibane retina mpaka ishike. Mtu mwenye gesi hiyo HARUHUSIWI kupanda ndege mpaka iishe yote, mana hewa ya nje ikipungua mgandamizo ile gesi inavimba, jicho linajaa presha na anaweza kupofuka kabisa. Inakaa wiki mbili mpaka nane hivi kutegemea aina ya gesi. Kwahiyo tiketi ya kurudi msinunue ya tarehe iliyofungwa, na kabla hamjatoka hospitali muulize daktari kwa maneno haya haya, "umeweka gesi kwenye jicho?" Na usidhani kurudi kwa basi ndo salama, muelezee kwamba nyumbani ni Mwanza ambako ni zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na barabara inapita Singida palipo juu zaidi, yeye ndo atasema msubiri lini. Andaeni ndugu wa kufikia Dar kwa muda mrefu kuliko mlivyopanga.

Dawa zake zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, hata kidonge kimoja kisiende kwenye begi la chini.

SWALI: Anti mambo vipi, kazini tunabishana. Mwenzangu anasema A220 ni Bombardier tu imebandikwa jina la Airbus, mimi nasema Bombardier ni ile ya panga. Nani amepatia? Na kwanini kuna kipindi hizo A220 zilipaki? – Mbishi wa Mbeya

JIBU: Mmepatia wote wawili. Sisi huku tukisema Bombardier tunamaanisha ile Q400 yenye mapanga, ndo iliyotuzoesha jina. Lakini A220 nayo ilichorwa na Bombardier hao hao wa Kanada, ikiitwa CSeries, ikaruka mara ya kwanza 2013. Mradi ukawamaliza hela, Airbus wakachukua sehemu kubwa Julai 2018 na jina likabadilika. Ya kwanza ya Air Tanzania ikatua Dar Desemba 2018, na hilo tujivunie, lilikua shirika la kwanza Afrika kuwa na A220. Hazijabadilishwa kibandiko tu ndugu yangu, ila mwenzako historia anaijua.

Kupaki ni injini. Zinatengenezwa na Pratt & Whitney na zina gia ndani yake, lile feni kubwa la mbele linazunguka polepole, kama theluthi moja ya kasi ya mashine inayolisukuma, ndo mana zina kelele kidogo na zinakula mafuta kidogo. Ubaya ni kwamba zimehitaji kushushwa kwenda matengenezo mapema kuliko ilivyotarajiwa na injini za akiba hazikutosha dunia nzima. Mwishoni mwa 2022 Air Tanzania ikatangaza kubana ratiba kwa sababu hiyo, na sio sisi tu, Swiss ya Uswisi na airBaltic ya Latvia nao wameegesha za kwao. Wewe kama abiria wa uwanja wa Songwe jambo la kufanya ni dogo, siku moja kabla angalia tena muda wa safari yako, na namba ya simu uliyoacha kwenye tiketi iwe yako wewe, isiwe ya aliyekukatia. Nimeona watu wanakosa meseji ya mabadiliko kisa namba ni ya wakala.

SWALI: Habari anti. Nilisafiri kutoka Entebbe kwa jeti ndogo, kufika mlangoni mhudumu akaninyang'anya kibegi changu cha magurudumu, wakati siku zote naingia nacho ndani na vipimo ni vile vile. Walinionea? – Mtanzania Kampala

JIBU: Hawakukuonea, ila wangekueleza. Jeti ndogo kama CRJ900, ambayo Uganda Airlines wanaitumia, ni nyembamba, viti viwili huku na viwili huku, na kabati za juu ni fupi, kibegi cha magurudumu hakilali. Kwahiyo kinachukuliwa mlangoni, kinawekwa chini, unakipata mkishuka. A220 haina hiyo shida, kabati zake zinameza begi la magurudumu vizuri.

Cha kufanya ni kuwa na mfuko mdogo ndani ya begi, ukiwa na pasi, hela, simu, dawa, pawabenki na laptopu, wakisema leta begi unachomoa mfuko unawaachia. Pawabenki haswa isibaki humo, betri za akiba haziruhusiwi tumboni mwa ndege kabisa, zinakaa na wewe. Mwisho ni wati-saa 100 (Wh, kipimo cha umeme ambao betri inabeba) bila kuomba ruhusa, ile ya 20,000 mAh ina kama 74 kwahiyo uko salama, labda shirika lako liwe na sheria kali zaidi. Na kwenye CRJ injini ziko nyuma mkiani, kaa mbele kama hupendi kelele.

SWALI: Naenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kutokea Dar na watoto, nataka wauone Mlima. Upande gani? – Baba wa wawili

JIBU: Kulia wakati wa kwenda, kushoto wakati wa kurudi. Na kulia huko huko kabla ya Mlima wataiona milima ya Usambara na Upare. Ndege ya asubuhi ndo nzuri, mchana mawingu yanaufunika. A220 ina madirisha makubwa ila kuna mistari dirisha halikai sawa na kiti, kwahiyo ukichekini mwambie dada wa kaunta unataka kuona nje na usikae juu ya bawa. Wasomaji wa Kenya, mkitoka Nairobi kwenda Mombasa nyinyi pia ni kulia, na kwenye zile Embraer 190 za Kenya Airways viti ni viwili viwili, hakuna wa kukaa katikati.

SWALI: Assalam aleykum bi mkubwa. Mimi ni mzazi wa mtoto wa miezi mitano, twatoka Mombasa kwenda Nairobi, nahofia masikio yake na kilio. Nimpe nini? – Mama Swafiya

JIBU: Wa aleykum salaam mwanangu. Mpe ziwa, au chupa, kumeza ndo dawa yenyewe. Lakini usimnyonyeshe mkiwa bado mnangoja kuruka, atashiba alale, na wakati anapouhitaji kweli ni wa kushuka. Safari yenyewe ni fupi, haifiki hata saa nzima, kwahiyo ukihisi tu pua ya ndege imeinama na injini zimetulia, usingoje tangazo la mikanda, muamshe hata kama amelala fofofo, umpe taratibu mpaka matairi yaguse. Akilia vilevile muache alie, kulia nako kunafungua masikio, na atakayekukodolea macho kwenye ndege mpe mgongo umshughulikie mwanao.