Mpaka hapa uko sawa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza walimu kama shukrani ya mwanafunzi wa zamani imewahi kutubadilishia chochote kazini. Kwangu ndiyo, ila inategemea ni shukrani ya namna gani. Zile za "asante mwalimu kwa yote" nazipokea kwa mikono miwili, nafurahi siku nzima, kisha kesho yake naingia darasani na kufundisha vilevile. Iliyonibadilisha ni ile iliyotaja kitu.

Iliingia kwenye simu kutoka namba nisiyoijua. Mimi nafundisha hisabati. Mwandishi alijitambulisha kuwa ni yule wa dawati la nyuma, upande wa dirisha, ambaye alama zake zilikuwa za kuhurumiwa. Akaeleza kuwa siku moja nilimrudishia daftari lenye mlinganyo mrefu alioukosa. Alizoea kukuta kalamu nyekundu imekatiza ukurasa mzima. Safari hiyo alikuta vema kwenye mstari wa kwanza, vema wa pili, vema wa tatu, na pembeni ya mstari wa nne nimeandika: "Mpaka hapa uko sawa. Ulipohamisha 7 hukubadili alama." Jibu la mwisho sikuligusa.

Leo ni fundi wa lifti. Anasema lifti ikigoma, wenzake hukimbilia kubadilisha vipuri. Yeye hushika kipima umeme, akaufuata umeme hatua kwa hatua mpaka pale anapoukuta bado upo, kisha pale usipoonekana tena. "Natafuta ile mpaka hapa uko sawa, mwalimu."

Maneno yale nilikuwa sina habari nayo tena. Nimewauliza wenzangu, na wengi wana kisa cha aina hiyo: kinachorudi si lile somo ulilokesha ukiliandaa, ni sentensi uliyoiandika huku kengele inalia. Na hapo ndipo thamani ya ujumbe ule ilipo. Mtihani hutuambia mtoto bado anakumbuka nini mpaka mwisho wa muhula. Baada ya hapo anaondoka nacho, nasi hatujui kama kimemfaa au amekitupa njiani. Anayerudi na kutaja kitu anatupa matokeo ambayo hayapo kwenye karatasi yoyote ya ukaguzi. Tangu nipate ujumbe huo, nasahihisha kwa kutafuta mstari wa mwisho ulio sahihi, halafu ndipo nionyeshe kosa. Darasa likiwa kubwa siwezi kufanya hivyo kwa kila zoezi, kwa hiyo nachagua swali moja tu.

Huenda barua maarufu kuliko zote za namna hii ni ya Albert Camus, mwandishi Mfaransa. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1957, alimwandikia Louis Germain, mwalimu wake wa shule ya msingi mjini Algiers, Algeria, kwamba baada ya mama yake, yeye ndiye aliyemjia akilini kwanza. Baba yake Camus aliuawa vitani mwaka 1914, mama hakujua kusoma, na bibi alitaka mjukuu aanze kibarua. Germain alimfundisha masomo ya ziada ili apate ufadhili wa kuendelea na sekondari, akaenda mwenyewe kumshawishi bibi. Mnavutiwa na barua ya Camus. Mimi navutiwa zaidi na ile ya Germain ya mwaka 1959, anaposema kwamba mwalimu anayeifanya kazi yake kwa dhati hapotezi nafasi yoyote anayoipata ya kuwajua wanafunzi wake. Huyo alikuwa anajua alichokuwa akifanya. Wengine tunabahatisha.

Tatizo la mfano wa Camus ni kwamba unawafanya watu wadhani lazima kwanza uwe mtu mkubwa. Fundi wangu alichelewa miaka kuniandikia kwa sababu, kwa maneno yake, "hesabu zenyewe si nilifeli?" Ni kweli alifeli. Lakini angesubiri afaulu, mimi ningeendelea kukatiza kurasa kwa kalamu nyekundu. Ndiyo maana sikubaliani na walimu wanaolalamika kuwa asiyerudi hana shukrani. Wengi wanayo, wanaona haya tu.

Haya hiyo imechunguzwa. Mwaka 2018 Amit Kumar na Nicholas Epley, watafiti wa saikolojia Marekani, walichapisha majaribio ambamo watu waliandika barua za shukrani, wakakisia zitapokewaje, kisha wapokeaji wakaulizwa. Waandishi walidhani wapokeaji wangejisikia vibaya kuliko ilivyokuwa, na hawakutarajia wangefurahi kiasi kile. Waandishi walihangaikia kupata maneno mazuri. Wapokeaji walijali zaidi upendo uliomo.

Kwa hiyo anayesoma hapa na ana mwalimu wake kichwani, aandike mistari mitatu: yeye ni nani, ni siku ipi au neno lipi, na limemfaa wapi. Asiogope lugha. Tahajia hatutaisahihisha, ingawa siwezi kumsemea mwalimu wa Kiswahili.