Usizime Kinasa Sauti Bibi Akianza Kuimba

Wadogo zangu, wiki hii nimesikiliza rekodi tatu za mahojiano ya historia mlizorudi nazo kutoka uwandani. Katika zote nimesikia kosa langu la zamani: "Bibi, ya ngoma tuyaache kwanza, turudi kwenye siasa." Nimeumia.

1. Uliza jina lake. "Mke wa marehemu fulani" si jina.

2. Picha yake ya zamani usiondoke nayo. Ipige hapo hapo, umrudishie mkononi, muandike majina ya waliomo yeye akiwepo.

3. Usizime kinasa sauti. Hapa mnivumilie. Miaka yangu ya mwanzo nilikwenda kwa bibi mmoja Kariakoo kuuliza habari za TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Nilikuwa na kaseti mbili na betri zinazokaribia kwisha. Yeye akaanza na lelemama, ngoma ya wanawake: nani alikuwa kiongozi wa kikundi, kanga gani walivaa sare, nani alishika pesa za michango. Nikazima, nikingoja afike kwenye "historia". Akaimba wimbo mzima, ubeti kwa ubeti, kaseti imesimama.

Baadaye ndipo nikaelewa. Bibi Titi Mohamed mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, Bomba, na mwaka 1955 alipoanza kuwaingiza wanawake TANU, aliwaendea viongozi wa vikundi kama hivyo. Wanawake walikuwa wameshajipanga: wana viongozi, wana mfuko, wanajua kuitana. Nilichokizima ndicho nilichokwenda kukitafuta.

Nilirudi baada ya miezi minne na kaseti mpya. Arobaini yake ilikuwa imeshapita. Binti yake akanikaribisha kahawa, akaniomba amsikie mama yake akiimba. Nikaiweka kaseti. Bibi anasema, "Basi sisi tukisimama hivi, tunaanza…" Kitufe kikalia. Kilichofuata ni sauti yangu, nauliza alikata kadi ya chama mwaka gani. Yule binti alisema ahsante. Mpaka leo naisikia ile ahsante.

4. Mtoto wa kiume akimjibia mama yake, muombe maji ya kunywa. Akirudi, muulize vocha zinauzwa wapi.

5. Lebo iandikwe siku hiyo hiyo: tarehe, mahali, na ruhusa aliyoitoa, kwa maneno yake.

Na wewe wa rekodi ya pili, bibi yako wa Temeke bado yupo. Nauli nimekuwekea mezani kwako. Nenda kesho asubuhi, umwambie umerudi kwa ajili ya ule wimbo.