Anzia Ukurasa wa Shukrani

Kwa miaka mingi nilikuwa nakifunga kitabu pale hadithi inapoishia. Zile kurasa mbili tatu za mwisho, ambamo mwandishi anawashukuru waliomsaidia, niliziona ni majina ya watu nisiowajua, basi. Siku moja nikamaliza riwaya nyembamba iliyotolewa na mchapishaji mdogo, na ilikuwa imenishika hata sikutaka kuachana nayo, nikaendelea kusoma mpaka neno la mwisho kabisa. Mwandishi alimshukuru mhariri wake, akawataja waandishi wenzake watatu walioupitia mswada, kisha jarida dogo lililowahi kuitoa sura ya kwanza kama hadithi fupi. Nilichukua kalamu nikayaandika majina yote. Mwezi haukuisha nilikuwa nimesoma vitabu vinne ambavyo hakuna tovuti ya mauzo iliyowahi kunionyesha, na viwili kati ya hivyo nimevirudia tangu hapo.

Kabla ya siku ile usomaji wangu ulikuwa unazunguka palepale. Tovuti za mauzo hutazama ulichonunua jana na walichonunua watu wanaofanana nawe, halafu zinakuletea mfano wake. Kitabu kilichouza nakala mia mbili hakiachi alama za kutosha kuingia kwenye hesabu hiyo. Kinaweza kuwa kizuri ajabu na bado kisikufikie. Ndiyo maana anayeniuliza namna ya kupata vitabu huru, yaani vya wachapishaji wadogo na vya waandishi waliojichapishia, namwambia asianze na vitabu. Aanze na watu, kisha afuate nyayo zao.

Mtu wa kwanza wa kumfuata ni mhariri. Jina lake halipo kwenye jalada, lakini ladha yake imo katika kila kitabu alichokishika. Ukimpata mhariri mmoja ambaye kazi zake mbili zimekugusa, ya tatu mara nyingi itakugusa pia, hata kama ni ya utanzu usiouzoea. Mimi nilikuwa sisomi kabisa riwaya za kutisha. Nilisoma ya kwanza kwa sababu tu mhariri wake ndiye aliyehariri kitabu cha insha nilichokipenda, na hapo mlango mzima ukanifungukia.

Wa pili ni mfasiri. Wafasiri wengi hawakai kusubiri kazi waletewe. Husoma kwa lugha zao, wakapenda kitabu, wakatafsiri kurasa chache na kubisha hodi kwa wachapishaji. Kwa hiyo jina la mfasiri ni pendekezo la mtu aliyekubali kuishi na kila sentensi ya kitabu hicho kwa miezi, pengine miaka. Sijui pendekezo zito kuliko hilo.

Kisha njoo kwa mchapishaji mwenyewe. Nyumba ndogo inayotoa vitabu vichache kwa mwaka haiwezi kubahatisha. Kila kimoja kimechaguliwa na mtu aliyekipenda. Ni hivyo tangu zamani: mwaka 1917 mwandishi Mwingereza Virginia Woolf na mumewe Leonard walianzisha Hogarth Press nyumbani kwao kwa mashine ndogo ya mkono, wakipanga herufi wenyewe, na miaka miwili baadaye jina la nyumba hiyo likawa kwenye mashairi ya T. S. Eliot. Katika wakati wetu kuna Fitzcarraldo Editions ya London, iliyoanza mwaka 2014 na majalada yake ya buluu kwa riwaya na meupe kwa insha. Ilikuwa imekwisha kuwachapisha kwa Kiingereza Olga Tokarczuk, Annie Ernaux na Jon Fosse kabla hawajatangazwa washindi wa Nobel ya Fasihi. Aliyekuwa anasoma orodha ya nyumba ile kwa mfululizo aliwafahamu mapema. Ninachokushauri hapa ni hiki: ukikipenda kitabu cha nyumba ndogo, usiende kwenye kipya chao. Fungua orodha yao ya miaka mitano nyuma. Vitabu vipya vina watu wa kuvisemea; vya nyuma vimenyamaza, na mara nyingi ndimo ilimo hazina.

Waliojichapishia ni habari nyingine, na hapo lazima tuzungumze wazi. Amazon ilipofungua mwaka 2007 huduma ya mwandishi kujichapishia kitabu pepe mwenyewe, lango lililokuwa likilindwa na wachapishaji lilibaki wazi. Waliopita ni pamoja na waandishi hodari waliokuwa wamekataliwa kwa sababu tu kazi zao hazikuingia kwenye rafu yoyote. Walipita pia watu ambao mswada wao haukuonwa na jicho la pili. Kazi ya kuchuja imehamia kwako msomaji, na huwezi kuifanya peke yako.

Wapenzi wa fantasia, hadithi za uchawi na ulimwengu wa kubuni, wamelitatua jambo hili vizuri kuliko wote. Tangu mwaka 2015, mwandishi Mark Lawrence ameendesha shindano la fantasia za waliojichapishia linaloitwa SPFBO: vitabu 300 hugawiwa wanablogu kumi, kila mmoja thelathini, na kila mmoja huchagua kimoja cha kuingia fainali. Wengi hukimbilia mshindi. Mimi napenda zaidi zile tathmini za vitabu vilivyoondolewa njiani, kwa sababu mwanablogu hueleza kwa nini kakiacha. Mmoja aliandika kwamba kitabu fulani kinakwenda polepole mno na kinahangaika sana na maisha ya wazee wa kijiji. Nilikinunua jioni ileile. Sababu ya mwenzako kukikataa kitabu inaweza kuwa ndiyo yako ya kukitafuta.

Kwa riwaya za upelelezi na za mapenzi njia ni fupi zaidi. Waandishi huru wa tanzu hizo huandika kwa mfululizo, na cha kwanza mara nyingi hutolewa bure ili usiache. Pokea, soma, amua. Bunilizi ya kisayansi na hadithi za kutisha nazipata kupitia mikusanyo ya hadithi fupi: waandishi kumi na tano kwa kitabu kimoja, na ukibaki na majina mawili ya kuyafuatilia umefaidi.

Sampuli nayo ina namna yake ya kusomwa. Kitabu pepe hukupa kurasa za mwanzo bure, na mwanzo ndiyo sehemu ambayo kila mwandishi ameisugua mpaka imeng'aa. Mimi huruka hadi kurasa tatu za mwisho za hiyo sampuli. Hapo mwandishi ameshatulia, haombi tena usikilize, na utaona kama mazungumzo yanasimama na kama sentensi zake bado zina uhai.

Upande wa vitabu visivyo vya kubuni nataka uwe mkali zaidi, maana huko niliumia. Nilinunua kitabu kuhusu usingizi, kimeandikwa vizuri, kimejaa takwimu za kushtua. Nikazirudia takwimu hizo kwa rafiki yangu aliyekuwa anahangaika kulala, naye akaanza kubadilisha ratiba yake. Wiki mbili baadaye akaniuliza zimetoka wapi. Nilikipekua kitabu chote: hakuna tanbihi hata moja, hakuna marejeleo, na mwandishi hakuwa na kazi nyingine popote wala mahojiano wala makala. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo nimejiwekea sheria. Kabla sijasoma neno la kwanza nafungua nyuma kutazama tanbihi na faharasa. Kisha namtafuta mwandishi nje ya kitabu chake: amewahi kufundisha, kuhojiwa, kuandika gazetini, kufanya kazi anayoizungumzia? Siku hizi swali hilo lina uzito mpya, kwa sababu vitabu vinavyotungwa na programu za akili bandia vimefurika. Mwaka 2023 Amazon iliweka kikomo cha vitabu vitatu kwa siku kwa kila anayejichapishia, na mtu mwenye akili timamu anajua hakuna binadamu anayeandika vitatu kwa siku.

Lakini nisikutishe. Kuna aina ya vitabu vya kweli ambavyo wachapishaji huru wanavitoa vizuri kuliko yeyote: tawasifu, na maandishi ya mtu aliyefanya kazi moja maisha yake yote. Mkunga, nahodha wa meli, fundi wa saa, mlinzi wa usiku. Nyumba kubwa itauliza nani atanunua. Mwandishi huru anaandika kwa sababu asipoandika yeye, ujuzi ule unakwenda naye kaburini. Katika vitabu hivi sitafuti tanbihi. Natafuta undani ambao huwezi kuubuni, kama vile harufu ya chumba, jina la kifaa, kosa alilolifanya mwaka wake wa kwanza na mkono uliomsahihisha.

Ukipungukiwa na njia, mwambie mkutubi. Maktaba nyingi hupokea maombi ya wasomaji, na kitabu huru kinachonunuliwa na maktaba kinafikia watu ambao mwandishi asingewapata kamwe.

Na ukimaliza kitabu, andika mistari minne mahali wasomaji wanapoiona. Sema kinahusu nini hasa, nani atakipenda, wapi kilikuchosha. Kwa mwandishi mwenye maoni kumi na moja tu, la kumi na mbili linaonekana. Mwaka jana nilikwenda hatua moja mbele nikamwandikia mwandishi wa kile kitabu cha wazee wa kijiji, nikamwambia ukurasa gani ulinifanya nikiweke chini na kunyamaza. Alijibu baada ya siku tatu, akashukuru, kisha akaniorodheshea vitabu vitatu vya wenzake ambavyo alisema havijapata wasomaji vinaostahili. Viwili nimeshamaliza. Cha tatu kiko hapa mezani, nimefika sura ya kumi, na ukurasa wa shukrani nimeshaukunja pembe.