Muulize Mwalimu wa Tangi: Konokono wa Dunga sebuleni

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nina tangi la lita 80 sebuleni, samaki wangu ni gapi. Nilichoka na mimea ya plastiki, nikanunua "mianzi ya bahati" kwa muuza maua. Jumapili moja nikashuka ufuo wa Dunga, Ziwa Victoria, nikachomoa majani yanayoota chini ya maji pamoja na gugumaji dogo lenye ua. Sasa mianzi inaoza, gugumaji limegeuka njano, na yale majani ya ziwani ndiyo pekee yanayokua. Halafu konokono wadogo wamejaa kwenye kioo. Watoto wanapenda kuwatoa kwa mkono. Nifanye nini ili mimea ishike? — Msomaji, Migosi, Kisumu

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Mimea itasubiri kidogo. Watoto kwanza: leo hii wasiingize mkono tena kwenye tangi hilo.

Ufuo wetu wa Ziwa Victoria una kichocho cha tumbo. Kimelea chake, Schistosoma mansoni, hukulia ndani ya konokono wa jamii ya Biomphalaria, ambao hukaa ufuoni na hupenda mizizi ya gugumaji hilohilo ulilobeba kwa sababu ya ua. Konokono aliyeambukizwa humwaga majini vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya mtu bila hata mchubuko. Vijidudu hivyo vikikosa mtu hufa ndani ya siku moja au mbili, lakini konokono huendelea kutoa vingine kwa wiki nyingi.

Sasa nisikutishe kupita kiasi. Konokono hazaliwi na kichocho. Huambukizwa pale tu mayai ya kimelea yanapofika majini kupitia kinyesi cha mtu mgonjwa, kwa hiyo hao wadogo walioanguliwa ndani ya tangi lako huenda ni safi kabisa. Shida ni wale wakubwa waliokuja na mizizi. Usijidai kuwatambua kwa macho: Biomphalaria ana gamba bapa lililojiviringa, na wapo konokono wa madukani wasio na madhara wenye gamba la namna hiyohiyo. Mimi nimefundisha biolojia miaka mingi na bado sithubutu kumtazama konokono wa Dunga nikasema huyu hana kitu.

Vaa glavu za mpira. Toa gapi kwa wavu, uwaweke kwenye ndoo ya maji ya mfereji yaliyolala wazi tangu jana ili klorini ipungue. Mimea yote ya ziwani itoke, hata hiyo inayostawi. Iache juani ikauke kabisa kisha uichome. Maji yamwage chooni, si kwenye mtaro unaorudi ziwani. Kokoto zimwagie maji yanayochemka. Usitegemee jua peke yake kwa kokoto, maana konokono hawa hujifungia ndani ya gamba na kuvumilia ukavu. Kioo kifute, ukianike. Kisha wapeleke watoto kituo cha afya, na wewe mwenyewe uliyeingia ziwani usibaki nyuma, mkaeleze mlivyogusa maji hayo. Kipimo ni cha choo, na daktari atawaambia kifanyike lini, kwa sababu mayai ya kimelea hayaonekani mapema baada ya kuambukizwa. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli.

Haya, mimea. Mianzi ya bahati si mianzi wala si mmea wa majini. Ni Dracaena, asili yake Afrika ya Kati, na majani yake yanataka hewa. Mizizi ikae majini, majani yatoke juu ya maji, utakaa nayo miaka. Ukiizamisha yote itaoza, na uozo huo unatoa amonia inayowachoma samaki. Gugumaji nalo lilitoka Amerika Kusini na lilizoea jua kali la mchana kutwa. Balbu ya sebuleni kwake ni kiza. Hata lingeweza kukua, nisingekushauri ulifuge. Tumelipigia kelele la kutosha hapa Kisumu.

Yale majani yaliyokuwa yanastawi, kama ni membamba, magumu kidogo, yamezunguka shina kila pingili na hayana mizizi, basi ni Ceratophyllum. Ni mmea mzuri sana kwa anayeanza. Hula kupitia mwili wake wote, hunyonya amonia moja kwa moja kutoka majini, na vitoto vya gapi hujificha humo visiliwe na mama zao. Ukiupenda, tafuta kipande kwa mfugaji ambaye wake umekaa tangini muda mrefu. Usirudi kuuchukua ufuoni.

Mwingine wa kuanza nao ni Anubias, mmea wa vijito vya Afrika Magharibi na ya Kati. Una shina nene linalolala kama tangawizi. Hapo ndipo wengi huuua: hulizika shina kwenye kokoto, nalo huoza. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe, mizizi itajishikia yenyewe. Hauhitaji mwanga mkali, mbolea wala mtungi wa gesi ya kaboni, hata muuzaji akikuapia. Hukua polepole mno. Jani jipya moja ni sherehe. Na mimea mingi hukuzwa shambani majani yakiwa nje ya maji, hivyo ikizamishwa huangusha majani ya zamani. Usiing'oe. Tazama kama katikati kunachipua.

Kwa kuwa umechemsha kokoto, bakteria waliokuwa wakisafisha maji wamekufa nazo. Wape samaki chakula kidogo, na badilisha robo ya maji kila baada ya siku chache mpaka mwezi upite.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Maji ya tangi langu yamekuwa kijani kibichi, na mimea imefunikwa na utando. Tangi liko dirishani lipate jua. Nina samaki wa dhahabu. Je, niongeze mbolea? — Mama wa Section 58, Nakuru

JIBU: Marahaba, mama. Mbolea hapana! Huo utando ni mwani, na unashiba jua la dirisha lako pamoja na uchafu wa samaki. Sisi wa karibu na ikweta tuna mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, na huo ni mwingi mno kwa tangi. Lihamishe ukutani, uwashe balbu ya LED saa saba au nane kwa siku, basi. Kisha punguza chakula.

Samaki wa dhahabu uliwachagua vizuri kwa baridi ya Nakuru usiku. Gapi wangetetemeka bila kipasha maji. Ila hufukua na kula majani laini. Anubias iliyofungwa jiweni ina majani magumu, wataionja na kuiacha.

SWALI: Naweza kuweka ngege (tilapia) wachanga pamoja na mimea? — Msomaji, Ahero

JIBU: Hapana. Wakikua watachimba viota kwenye kokoto na kung'oa kila ulichopanda, na tangi la nyumbani halitawatosha. Ahero mna nafasi na maji, chimba bwawa.